"Ni Sheria Tu, Mama": Glasi Moja Gatini Galveston

Jumapili, saa saba na nusu mchana, meli yetu ya watalii bado imefungwa kamba gatini Galveston na mimi niko nyuma ya kaunta ya baa ya juu, ile ya karibu na bwawa. Joto la Texas mwezi wa saba aliyewahi kulisimamia analijua. Wageni ndio kwanza wanapanda, masanduku yao hayajafika vyumbani, kwa hiyo kila mtu kaja juu kutafuta kivuli na kitu cha baridi.

Akaja mama mmoja wa miaka sitini na kitu, yuko na dada yake, wamevaa fulana za zambarau zilizochapishwa sawasawa. Kabla hata ya kuagiza akaniambia kwamba amestaafu mwezi uliopita, alikuwa dereva wa basi la shule, na hii safari ameiwekea pesa kidogo kidogo. Akaomba glasi mbili za mvinyo mweupe, akanipa kadi yake.

Nikaigusisha kwenye mashine. Mashine ikatoa bei ya glasi mbili, ikaongeza pesa ya huduma, ikaongeza ushuru wa asilimia 8.25.

"Lakini mimi nimenunua paketi ya vinywaji," akasema.

Nikamwambia paketi inaanza kesho asubuhi.

"Kwa nini?"

"Ni sheria. Sheria ya Texas."

"Sheria gani?"

Hapo nikakwama, sikuwa na jibu na foleni nyuma yake ilikuwa imefika kwenye ngazi. Nikasema, "Ni sheria tu, mama," nikainua macho kumtazama mtu wa nyuma yake.

Akalipia glasi moja badala ya mbili. Wakaenda kukaa kwenye viti vya pembeni, wakawa wanapokezana. Walipoondoka nilienda kuitoa ile glasi, na ukingoni kulikuwa na alama za rangi za mdomo mbili, nyekundu upande huu na waridi upande ule.

Safari nzima ya siku saba hakurudi kwenye baa yangu.

Wiki sita nyumbani

Nimeshamaliza kontrakti, niko nyumbani wiki ya sita sasa. Watu wananiuliza habari za visiwa vya Cozumel na Roatán, na mimi nawaelezea vizuri tu, lakini nikikaa peke yangu kinachonirudia ni ile glasi yenye rangi mbili. Nimehudumia maelfu ya watu kule, wengine wamenitukana waziwazi na nimeshawasahau. Huyu hakunitukana. Aliuliza swali la haki kabisa na mimi nikampa neno la kumfunga mdomo.

Wengi mnaosoma hapa mmepanda meli hizi kikazi au mna ndugu yuko huko, kwa hiyo paketi sina haja ya kuieleza sana, mgeni analipa mara moja kwa kila siku ya safari, akigusisha kadi vinywaji vinatoka bila kulipa tena. Kwa mama yule ilikuwa zaidi ya dola 400.

Unapomwambia mtu aliyelipa pesa hiyo kwamba leo haifanyi kazi, halafu unamtajia bei, anaona ameibiwa. Na aliyesimama mbele yake ni wewe, mwenye bango la jina kifuani na bendera ya Kenya chini yake.

Chupa za Texas, chupa za meli

Nilichokuwa najua wakati ule ni namna ya kufanya kazi, sababu yake sikuijua. Siku ya Galveston tulikuwa na chupa za aina mbili. Kuna chupa za meli, zile zilizonunuliwa bila ushuru, ambazo hazijalipiwa kodi ya jimbo lolote. Hizi asubuhi zinafungiwa kabatini kwa kufuli na funguo anashika mkubwa wetu wa baa, mzee mmoja wa Goa, India, aliyekuwa baharini tangu mimi niko shule ya msingi. Halafu kuna chupa za Texas, zilizonunuliwa kwa wauzaji wa jumla wa Texas na kodi yao imeshalipwa. Hizo ndizo zinakaa kaunta, na ni chache, aina mbili tatu za bia, mvinyo kidogo, wiski moja, rum moja, vodka moja. Mgeni akitaka gin fulani unamwambia subiri tutoke.

Meli inang'oa nanga saa kumi jioni, inapita pale penye kivuko cha kwenda rasi ya Bolivar, ndege aina ya mwari wanaruka pembeni na pomboo wanafuata, wageni wanapiga picha, na bado sisi tunauza Texas. Jua linaanza kushuka, bado Texas. Halafu simu ya baa inalia na yule mzee anasema neno moja tu, "Nje." Anakuja na funguo, kabati linafunguliwa, na ule mstari wa ushuru wa asilimia 8.25 unatoweka kwenye risiti.

Yaani mkono ni uleule na barafu ileile, lakini kinywaji kimebadilika kisheria kwa sababu meli imesogea.

Siku moja baada ya safari ile nilishuka bandarini kutafuta intaneti nipige simu nyumbani. Ndani ya jengo la abiria kuna dawati la tume ya vileo ya Texas, TABC, na watu wanaotoka melini na chupa walizonunua Mexico wanasimama hapo wanalipa kodi ya jimbo kabla ya kwenda kuchukua magari yao. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi bila kutazama. Siku hiyo nikasimama kama dakika tano nikiangalia. Pombe inayobaki melini jimbo linaihesabu, inayoshuka jimbo linaihesabu. Kumbe hawa watu wako makini kuliko nilivyodhani. Ndipo nikaanza kusoma.

Maili tisa

Cha kwanza nilichokutana nacho ni kwamba Marekani hakuna sheria moja ya pombe. Marekebisho ya 21 ya katiba yao, yaliyopita tarehe 5 Desemba 1933, yaliondoa marufuku ya pombe, lakini kifungu chake cha pili kikayapa majimbo nguvu: ni kosa kuingiza pombe katika jimbo kinyume na sheria za jimbo hilo. Kwa hiyo meli ikitia nanga Miami inakutana na sheria za Florida, na huko paketi inafanya kazi tangu mgeni anapanda. Ikitia nanga New York ni habari nyingine, sheria yao ya vileo ina kifungu namba 117-a kinachokataza kumuuzia mtu vinywaji bila idadi kwa bei moja. Texas nao wana kanuni ya aina hiyo, baa hairuhusiwi kutangaza lipa hiki unywe mpaka uchoke.

Na paketi, ukiivua maneno yote ya matangazo, ndiyo hiyo hiyo lipa hiki unywe.

Cha pili kilikuwa maili. Majimbo mengi ya pwani ya Marekani mamlaka yao juu ya bahari yanaishia maili tatu. Texas ni maili tisa za baharini, karibu kilomita 17, kwa sababu kabla ya kuingia Marekani mwaka 1845 ilikuwa nchi yake yenyewe iliyojipimia mpaka wa "league" tatu kutoka pwani, kipimo cha zamani cha baharini, ndizo hizo maili tisa, na mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawakubalia. Florida nao walikubaliwa hivyo upande wa Ghuba ya Mexico.

Nilipolisoma hilo nililazimika kuweka simu chini kidogo. Ile simu ya "Nje" iliyokuwa ikinichosha kuisubiri kila Jumapili ilikuwa inapima mpaka wa nchi ambayo haipo tena.

Walioenda mahakamani

Usiku ule sikulala mapema maana kila nikifungua jambo moja linazaa lingine.

Wakati wa marufuku, iliyoanza Januari 1920, meli kubwa za abiria za Uingereza na Ulaya zilikuwa zinaingia New York na mvinyo wao ndani, zinaufungia kabatini zikiwa bandarini halafu zinaufungua zikirudi. Serikali ya Marekani ikasema hapana, hata ukiwa umefungwa hauingii. Kampuni za meli zikaenda mahakamani, kesi inaitwa Cunard dhidi ya Mellon, Mellon akiwa waziri wa fedha. Tarehe 30 Aprili 1923 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba marufuku inafika mpaka maili tatu baharini na inazikamata meli za kigeni zikiingia humo, hata kama pombe iko chini ya lakiri. Lakini meli za Marekani zikiwa nje kabisa ya maji yao, marufuku haizihusu. Mwezi wa sita mwaka huohuo maofisa wakapanda meli za Waingereza pale New York, Baltic na Berengaria, wakavunja lakiri wakabeba pombe.

Mwishowe Januari 1924 Waingereza na Wamarekani wakaandikiana mkataba. Meli za Uingereza zikaruhusiwa kupita na pombe yao ikiwa imefungwa kwa lakiri, na Wamarekani wakapewa haki ya kusimamisha na kupekua meli zinazoshukiwa kwa magendo hadi umbali wa mwendo wa saa moja kutoka pwani.

Mwendo wa saa moja. Hawakuandika maili, waliandika kadiri chombo kinavyoweza kwenda kwa saa. Jahazi lingekuwa na mpaka wake na boti ya kasi mpaka wake.

Kwa hiyo yule mzee wa Goa na funguo zake anafanya kazi ambayo watu walishaifanya miaka mia iliyopita. Kabati, kufuli, kusubiri pwani ipotee. Natamani ningelijua hili nikiwa bado naye, tungezungumza.

Saa tano ya Mtwapa

Mimi sheria ya pombe sikuanza kuijua melini. Babu yangu Kaloleni alikuwa mgema, kotama kiunoni, anapanda minazi asubuhi na jioni, na utotoni nimeona pombe yake ya mnazi ikimwagwa na watu wa serikali na mzee akakaa kimya mpaka usiku. Baadaye nimefanya kazi baa Mtwapa miaka ile ya mwanzo ya sheria ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni. Siku za kazi baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni, wikendi saa nane mchana, na kila siku ifungwe saa tano usiku. Ikigonga saa tano na mteja ana chupa nusu mkononi unamwambiaje? Unamwambia ni sheria. Na yeye anajua, wewe unajua, na gari la polisi liko barabarani.

Sheria ile ilikuwa ya saa, na kila mtu alikuwa na saa, hakuna aliyekuja kuniuliza "sheria gani?" Ugomvi ulikuwepo, tena mkubwa, lakini hakukuwa na mtu asiyeelewa kilichompata.

Galveston sheria ni ya mahali na mgeni haoni mahali penyewe. Maji ni yaleyale, hakuna boya lenye maandishi. Ameshapanda meli, ameona bahari, kwake yeye ameshaondoka Texas. Sisi ndio tunaojua kwamba bado. Nadhani hapo ndipo nilipomkosea, nilimjibu kama mteja wa Mtwapa anayeiona saa ukutani.

Dirishani

Wiki ya nne nikiwa nyumbani nilienda ofisi moja kushughulikia karatasi zangu za ubaharia, ofisi yenyewe siitaji. Nimepanga foleni tangu asubuhi. Nafika dirishani kijana akaangalia karatasi moja akairudisha, akasema hii haikubaliki, kalete nyingine.

Nikamuuliza kwa nini, mwaka juzi ilikubalika.

"Ndio sheria, bro."

Nikamuuliza sheria gani.

Akainua macho akamtazama mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Nilitoka pale nikaenda kusimama chini ya mwarobaini nje, na niseme ukweli sikuwa na hasira na yule kijana hata kidogo. Foleni ilikuwa ndefu. Inawezekana kabisa hakuna mtu aliyewahi kumweleza, kama mimi nisivyoelezwa, tulipewa orodha ya yanayouzwa na yasiyouzwa tukaambiwa tukawahudumie watu elfu tatu. Lakini macho yake yaliponiruka niliyajua, ni macho yangu yale.

Siku hiyohiyo jioni ndio nikaanza kuandika haya.

Kulipia na kurudisha

Kuna upande mwingine ambao sitaki kuuficha. Nilivyozidi kusoma nilijikuta nakubaliana na hizo sheria kidogo, na sikutarajia. Nimeona paketi inavyofanya watu. Mtu mpole kabisa, nyumbani kwake pengine anakunywa bia mbili Jumamosi, akishalipa anaanza kuhesabu. Nilikuwa na mgeni anaandika kwenye simu kila glasi, ananiambia kwa furaha kwamba akifika ya saba kwa siku pesa yake imerudi. Hakuwa na kiu. Alikuwa anadai deni lake, na aliyekuwa anamlipa ni mimi, glasi baada ya glasi, mpaka mke wake akaja kumchukua.

Kwa hiyo wale waliokataza bei moja bila idadi waliona kitu cha kweli. Kampuni zenyewe zinalijua, ndiyo maana nyingine zinaweka kikomo cha vinywaji kwa siku ndani ya hiyohiyo paketi.

Ila yule mama wa fulana ya zambarau alitaka glasi mbili, yake na ya dada yake.

Siku sita

Sasa nifike pale panaponiuma.

Nikiwa nasoma nilikuta kwamba hapohapo Galveston kuna meli za kampuni nyingine ambazo paketi zao zinafanya kazi tangu siku ya kwanza. Mgeni anapewa zile chupa chache za Texas, analipa ushuru tu juu ya kila glasi, basi, wakitoka nje anapata kila kitu. Bandari ni ileile, TABC ni ileile. Kwa hiyo niliposema "ni sheria ya Texas" nilikuwa nimesema nusu. Sheria ilibana, halafu kampuni ikachagua jinsi ya kubanwa, na kampuni yangu ikachagua kuanza kesho yake saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo maana hata tukishavuka maili tisa, sheria ya Texas iko nyuma yetu, kadi ya mgeni bado inadai pesa usiku kucha. Hiyo ni hesabu ya ofisini.

Nikaenda kusoma masharti ya paketi yetu yenyewe, yale maandishi madogo. Nimeuza hiyo paketi karibu miezi minane bila kuyasoma.

Imeandikwa wazi kwamba kwa safari zinazoondoka Texas, siku ya kwanza haitozwi. Safari ya siku saba unalipia siku sita.

Hakuwa ameibiwa. Pesa ya siku ile hawakuichukua kabisa, ilikuwa bado iko kwenye mfuko wake, na jibu la swali lake lilikuwa maneno machache ambayo hata foleni ya kufika Bolivar isingenizuia kuyasema: mama, siku ya leo hukukatwa, kwa hiyo leo lipia hizi mbili, kesho asubuhi paketi yako inaanza. Angefurahi? Pengine asingefurahi. Lakini asingeenda kukaa pembeni akidhani akiba yake imeliwa na watu wenye mashine.

Nimemwandikia msimamizi wa baa nikaomba maneno hayo yawekwe kwenye karatasi juu ya kila kaunta siku ya Galveston, na yawekwe kwa herufi kubwa pale mgeni anaponunua kabla hajatoa pesa. Nimeandika kwa adabu. Bado sijajibiwa, na kontrakti yangu inaanza tena mwezi ujao, bandari ileile.

Kwa hiyo nimejichorea mwenyewe, kwenye kadi ngumu ya ukubwa wa mkono. Gati huku, kisiwa, mstari wa pwani, halafu maili tisa, halafu mstari wa pili na neno "Nje". Chini nimeandika kwa Kiingereza chepesi: leo hukulipishwa, paketi yako inaanza kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu ameisoma mara mbili, akaniuliza kama na ushuru nimeutaja. Sikuwa nimeutaja. Nimeigeuza kadi upande wa pili nikaandika 8.25.